Urithi wa Maji Yaliyoondoka: Jangwa la Sahara na Mali Asili Yake

(Mhadhara wa wazi uliotolewa Dar es Salaam mbele ya walimu wa jiografia, wanafunzi wa vyuo na wananchi)

 

Madhumuni ya mhadhara huu ni kutetea hoja moja. Nasema hivi: karibu kila mali inayochimbwa katika Jangwa la Sahara, iwe chumvi, mafuta, fosfeti, chuma au urani, iliwekwa pale na maji, na maji hayo yaliondoka zamani. Mali ya namna hiyo ni urithi. Mwenye shamba akila mavuno yake, masika yajayo atavuna tena. Aliyerithi ghala, kila debe analolitoa limekwisha. Nchi nyingi za Sahara, na nyingi za kwetu pia, zinahesabu ghala kana kwamba ni shamba. Nitaeleza kosa hilo linatoka wapi, linagharimu nini, na sisi tufanye nini.

Maelezo yangu nimeyapanga katika vipengele vinane. Mwanafunzi aliyekuja na atlasi aifungue sasa, maana tutatembea sana.

1. Sura ya nchi

Sahara ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 9.2, yaani karibu mara kumi ya Tanzania. Kutoka Bahari ya Atlantiki hadi Bahari ya Shamu ni kama kilomita 4,800. Imegusa Mauritania, Sahara Magharibi, Moroko, Algeria, Tunisia, Libya, Misri, Mali, Niger, Chad na Sudan.

Picha za vitabuni zimetuzoesha matuta ya mchanga. Matuta yapo, na yale makubwa, yanayoitwa erg, yanaweza kuchukua siku nyingi kuyavuka. Hata hivyo mchanga unafunika robo tu hivi ya Sahara. Sehemu kubwa iliyobaki ni tambarare za changarawe ziitwazo reg na nyanda za mawe matupu ziitwazo hamada. Katikati imesimama milima: Ahaggar kusini mwa Algeria, Aïr nchini Niger, na Tibesti kaskazini mwa Chad, ambako volkano ya Emi Koussi inapita mita 3,400. Kule Misri, Bonde la Qattara limeshuka hadi mita 133 chini ya usawa wa bahari. Nawaomba mzikumbuke tofauti hizi za mwinuko, kwa sababu ndizo zilizoamua maji yatuame wapi, chumvi ibaki wapi na upepo upite wapi.

Kwa nini nchi hii ni kavu? Hewa yenye unyevu hupanda juu ya ikweta, hupoa, na kutumwagia mvua sisi. Ikishapoteza unyevu wake husafiri huko juu kuelekea kaskazini na kusini, kisha hushuka karibu na tropiki. Hewa inayoshuka hupata joto na kuyazuia mawingu yasijengeke. Basi mvua ya Bukoba na ukame wa tambarare za Tanezrouft katikati ya Sahara ni sehemu mbili za mzunguko mmoja wa hewa. Walimu wenzangu, hili tulifundishe namna hiyo darasani, ili mtoto aone kuwa jangwa na msitu vinaendeshwa na nguvu moja.

2. Maji yalipokuwepo

Sahara haikuwa kavu siku zote. Miaka milioni 445 hivi iliyopita, bara hili lilipokuwa upande wa ncha ya kusini ya dunia, barafu kubwa ilitambaa juu ya eneo hili ikaacha mikwaruzo kwenye miamba, nayo inaonekana mpaka leo. Baadaye sana ikaja bahari. Kusini-magharibi mwa Cairo kuna Wadi al-Hitan, Bonde la Nyangumi, ambako mifupa ya nyangumi wa kale imelala juu ya mchanga. Wengine kati yao bado walikuwa na miguu midogo ya nyuma. UNESCO ililiweka bonde hilo katika Urithi wa Dunia mwaka 2005.

Lakini mabadiliko yanayotugusa zaidi ni ya jana tu kwa saa ya kijiolojia. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita, Sahara ilikuwa na nyasi, mito na maziwa. Sababu yake iko angani: mhimili wa dunia huyumba polepole sana, na katika kipindi kile jua la kiangazi lilipiga kaskazini mwa Afrika kwa nguvu kuliko leo. Ardhi iliyopata joto kali ikavuta pepo za mvua kutoka Atlantiki hadi ndani kabisa ya bara. Ziwa Chad, ambalo leo tunalililia kwa kupungua, lilitanuka hadi kufikia ukubwa wa mara tano hivi wa Ziwa Viktoria.

Ushahidi upo mwingi. Mwaka 1850 msafiri Mjerumani Heinrich Barth aliona michoro ya ng'ombe iliyochongwa kwenye miamba ya Fezzan, Libya, akatambua kwamba waliochora hawakuwa wakiishi katika jangwa. Kwenye nyanda za juu za Tassili n'Ajjer, Algeria, kuna michoro zaidi ya 15,000: viboko, twiga, wafugaji, wanawake waliopanda ng'ombe. Huko Gobero, Niger, wanasayansi walikuta mwaka 2000 makaburi kando ya ziwa lililokauka, pamoja na chusa za mifupa na mabaki ya samaki. Waafrika walivua samaki katikati ya Sahara.

Mvua zilipokoma, watu walihama, wengine kusini, wengine mashariki kwenye Mto Nile. Maji yakabaki chini ya ardhi, na mashapo yake yakabaki juu. Kutoka hapa ndipo mali inapoanza.

3. Chumvi

Mali ya kwanza ya Sahara kujulikana ulimwenguni ni chumvi, nayo ni ziwa lililokauka. Msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akaisifu Kilwa kwa uzuri wake, mwaka 1352 alivuka Sahara akapita Taghaza. Aliona nyumba na msikiti uliojengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Hapakuwa na miti. Wachimbaji walikuwa watumwa, na chakula chao kilitoka mbali: tende kutoka kaskazini, nyama ya ngamia, na nafaka kutoka nchi ya Weusi kusini. Chumvi ile ilipelekwa kusini, dhahabu ikapanda kaskazini, na juu ya biashara hiyo zikasimama dola za Ghana, Mali na Songhai.

Mwishoni mwa karne ya 16 Taghaza iliachwa, na uchimbaji ukahamia Taoudenni, kaskazini mwa Mali. Huko mbao za chumvi zinakatwa ardhini mpaka leo, kila moja yenye uzito wa kilo 30 na zaidi. Ngamia mmoja hubeba mbao nne hadi Timbuktu, ingawa siku hizi malori yamechukua sehemu kubwa ya mzigo. Huko Bilma, Niger, wanatumia njia nyingine: maji ya chumvi yanaachwa yakauke kwenye vidimbwi, kisha chumvi inamiminwa katika kalibu.

Kazi hii imedumu kwa karne nyingi kwa sababu ilifanywa kwa mkono na kwa kiasi. Sisemi hivyo ili kuwasifu mabwana wa zamani, maana jasho lile lilikuwa la watumwa. Nasema ili tuone kwamba kasi ya kuchimba ni sehemu ya swali. Ziwa moja lililokauka limelisha biashara ya karne nne. Tuone sasa kasi ya karne ya 20.

4. Mali iliyomo miambani

Barafu niliyoitaja ilipoyeyuka, bahari ilipanda juu ya nchi. Sakafuni mwake kukatulia tope jeusi lenye mabaki ya viumbe, mahali pasipo na oksijeni ya kuyaozesha. Tope hilo liligeuka mwamba, na joto la chini ya ardhi likaupika mpaka ukatoa mafuta na gesi. Hicho ndicho chanzo cha sehemu kubwa ya mafuta ya Algeria. Mwaka 1956 yaligunduliwa mafuta ya Hassi Messaoud, na mwaka huo huo gesi ya Hassi R'Mel. Libya ilipata mafuta yake ya Zelten mwaka 1959.

Mauritania ina chuma. Kiliganda katika bahari za kale sana, kabla dunia haijapata mnyama hata mmoja. Tangu 1963 kinasafirishwa kwa reli ya takriban kilomita 700 kutoka Zouérat hadi bandari ya Nouadhibou, kwa treni zenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili. Watu wa jangwani hupanda juu ya mabehewa ya mawe ya chuma, kwa sababu kwa wengi wao huo ndio usafiri uliopo.

Fosfeti ni mabaki ya uhai wa baharini. Huko Bou Craa, Sahara Magharibi, inachimbwa na kupelekwa pwani kwa mkanda wa kusafirishia wenye urefu wa karibu kilomita 100. Eneo hilo linashikiliwa na Moroko, Wasahrawi wanadai uhuru wao, na Umoja wa Mataifa umeliweka tangu 1963 katika orodha ya maeneo ambayo hayajajitawala. Mwafrika anayekula mkate wa ngano iliyowekewa mbolea asisahau kwamba nyuma ya mbolea kuna swali la haki ambalo bara letu halijalimaliza.

Na urani? Huko Arlit, Niger, maji ya chini ya ardhi yalipita polepole ndani ya mawe ya mchanga yakiwa yamebeba urani iliyoyeyuka. Yalipokuta mabaki ya mimea iliyozikwa, kemia ilibadilika, na urani ikaachwa pale. Uchimbaji ulianza mwaka 1971. Mgodi wa pili, wa Akouta, ulifunguliwa 1978 na kufungwa Machi 2021 baada ya kumaliza madini yake. Umeacha mabaki ya uchimbaji yapatayo tani milioni 20. Kwa zaidi ya miaka 40 urani ya Niger iliwasha taa za Ufaransa, na Waniger walio wengi bado hawana umeme nyumbani.

Nchi hizi hazikukaa kimya. Algeria ilitaifisha mafuta yake Februari 1971, Mauritania ikataifisha chuma chake 1974, na Juni 2025 Niger ilitangaza kuutaifisha mgodi wa Somaïr ulioko Arlit. Kudai kilicho chako ni haki, nami naiunga mkono. Lakini kubadilisha mwenye mgodi hakuongezi madini mgodini. Tani iliyochimbwa na serikali yetu wenyewe nayo haitarudi, na kwa hiyo tunadaiwa maelezo makubwa zaidi: tuliigeuza kuwa nini?

5. Maji yenyewe

Mabibi na mabwana, sasa tumefika kwenye kiini. Mali kubwa kuliko zote chini ya Sahara ni maji yenyewe, yale ambayo hayakukauka. Chini ya Misri, Libya, Sudan na Chad kuna mwamba wa mchanga wa Nubia, wenye eneo la takriban kilomita za mraba milioni mbili, na matundu yake yamejaa maji. Chini ya Algeria, Tunisia na Libya kuna hifadhi nyingine ya takriban kilomita za mraba milioni moja. Vipimo vilivyofanywa Misri vimeonyesha kuwa baadhi ya maji ya Nubia yamekaa chini ya ardhi kwa mamia ya maelfu ya miaka, mengine karibu miaka milioni moja. Mvua ya leo haiyajazi kwa kiasi cha maana.

Mahali pachache maji hayo hujitokeza yenyewe. Huko Ounianga, kaskazini-mashariki mwa Chad, kuna maziwa 18 katikati ya jangwa kavu kupindukia. Jua hunyonya mita nyingi za maji kila mwaka, na maji ya kale hupanda kutoka chini kuziba pengo.

Watu wa Sahara walijua namna ya kuishi na maji haya. Katika mikoa ya Touat, Gourara na Tidikelt nchini Algeria walichimba foggara: handaki jembamba lenye mteremko mdogo, linalotoka kwenye mwamba wenye maji na kuyaongoza kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye mitende. Juu yake kuna mstari wa visima vya kuingilia na kusafishia. Maji yanapofika kijijini hupita kwenye jiwe lenye meno kama kitana, na kila jino ni fungu la familia fulani. Anayehesabu mafungu ni mtaalamu aitwaye kial el-ma, mpima maji, ambaye watu wote humwamini. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka ujuzi wa wapima maji hawa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, maana vijana wanaojifunza ni wachache.

Ubora wa foggara uko katika umbo lake. Haiwezi kutoa zaidi ya kile ambacho mwamba umeachia. Pampu ya kisima kirefu haina kikomo hicho. Pale visima virefu vilipozidi, maji yalishuka chini ya midomo ya mahandaki, na foggara nyingi zikakauka.

Libya ilichukua njia ya pampu kwa ukubwa ambao dunia haikuwahi kuuona. Maji yaligunduliwa Kufra wakati watafutaji wa mafuta wakichimba. Mwaka 1984 ulianza ujenzi wa Mto Mkubwa wa Kutengenezwa, yaani mabomba yenye upana wa mita nne yanayovuka jangwa. Maji yalifika Benghazi 1991 na Tripoli 1996. Naomba tuwe waadilifu katika kuupima mradi huu. Uliwapa mamilioni ya watu maji safi ya kunywa, na uhandisi wake unastahili heshima. Lakini uliyachota maji ya maelfu ya miaka kwa kasi ya miongo, na sehemu kubwa ilikusudiwa kumwagilia ngano na majani ya mifugo, mazao ambayo nchi nyingine huyapata kwa mvua. Maji ya kunywa hayana mbadala. Ngano inaweza kununuliwa. Hapo ndipo ghala lilipohesabiwa kama shamba.

Mfano wa mwisho katika kipengele hiki ni wa Souf, Algeria, na unaonyesha kwamba madhara huweza kuja kinyume na tunavyotarajia. Wakulima wa Souf walichimba mashimo mapana mchangani, ghout, wakapanda mitende chini kabisa ili mizizi iyafikie maji yenyewe bila kumwagiliwa. Mji wa El Oued ulipokua, ulichota maji mengi kutoka mwamba wa chini sana, na kwa kukosa mfumo wa majitaka maji yaliyotumika yakazama kwenye tabaka la juu. Tabaka hilo likapanda, mashimo yakafurika, na mitende ikafa kwa kuzama. Katikati ya Sahara! Anayegusa maji bila kuyapima hajui atakavyolipa.

6. Vumbi

Kuna mali moja ya Sahara isiyochimbwa na mtu. Kati ya milima ya Tibesti na Ennedi upepo hubanwa, huongeza kasi, na kuteremkia Bonde la Bodélé, sakafu ya lile ziwa kubwa la kale. Vumbi lake ni magamba ya viumbe vidogo vya majini, nalo lina fosforasi. Kwa vipimo vya setilaiti vya mwaka 2007 hadi 2013, wastani wa tani milioni 182 za vumbi huondoka Sahara kila mwaka kuelekea Atlantiki, na tani milioni 28 hivi huanguka juu ya bonde la Amazon. Ndani yake kuna kama tani 22,000 za fosforasi, kiasi kinachokaribia kile ambacho msitu ule hupoteza kwa mvua na mafuriko.

Kwa hiyo samaki na viumbe waliokufa katika ziwa la Afrika husaidia kuurutubisha msitu wa Brazil. Hakuna serikali iliyosaini mkataba, wala hakuna ankara. Natoa mfano huu ili tuone kwamba thamani ya nchi haiishii kwenye kile kinachouzwa bandarini.

7. Dhana ya utupu

Sasa nirudi kwenye swali la kosa letu linatoka wapi. Linatoka kwenye imani kwamba jangwa ni tupu. Kitu kitupu hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakihesabiwi.

Mwaka 1957, mafuta yakiwa yamegunduliwa na vita vya ukombozi wa Algeria vikiendelea, Ufaransa iliunda chombo maalumu cha kuziendesha nchi za Sahara. Katika mazungumzo ya 1961 ilitaka Sahara itengwe na Algeria. Wapigania uhuru wa Algeria walikataa, na mazungumzo yakavunjika kwa ajili hiyo. Walikuwa tayari kurefusha vita kuliko kukubali kwamba theluthi mbili na zaidi ya nchi yao ni ardhi isiyo na wenyewe. Uhuru ulipokuja mwaka 1962, ulikuja na jangwa lake.

Wakati huo huo, tarehe 13 Februari 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la atomiki huko Reggane, ndani ya mkoa wa Touat, mkoa wa foggara niliowaeleza. Mpaka 1966 yalifanyika majaribio 17 katika Sahara ya Algeria. Mahali palichaguliwa kwa madai kwamba hapakaliwi. Palikuwa na wakulima wa mitende, wachungaji na misafara. Kwame Nkrumah alizuia mali za Wafaransa nchini Ghana kwa kupinga bomu hilo, kwa kuwa alielewa kwamba upepo wa Sahara haujui mpaka.

Watuareg, Wateda wa Tibesti, Wasahrawi, Wanubi na wengine wengi wanaijua nchi hii kisima kwa kisima. Mipango ya mali asili inayoanza kwa kuwataja kuwa ni wachache waliotawanyika, halafu ikawaruka, inarudia dhana ya Reggane kwa vifaa vya amani.

8. Jua

Je, Sahara haina shamba? Inalo. Jua lake linarudi kila asubuhi, na upepo wake vilevile. Kituo cha Noor karibu na Ouarzazate, Moroko, kilianza kuzalisha mwaka 2016, na sasa jumla yake ni takriban megawati 580. Huko Benban, karibu na Aswan, Misri imejenga bustani ya sola yenye takriban megawati 1,500. Hii ni mali ya kwanza ya Sahara katika nyakati zetu ambayo kuitumia leo hakupunguzi ya kesho.

Nina matumaini makubwa na jambo hili, na ndiyo maana nataja masharti yake. Sharti la kwanza ni maji. Mtambo wa kwanza wa Noor ulipozwa kwa maji ya bwawa, katika nchi yenye kiu. Mitambo iliyofuata ikajengwa kwa kupozwa kwa hewa. Hilo ni somo lililofunzwa na kutekelezwa, na linafaa kuigwa. Sharti la pili ni pampu. Pampu ya sola haili dizeli, na gharama ya dizeli ndiyo iliyokuwa inawalazimisha wakulima kuizima. Umeme wa bure bila mita ya maji utalimaliza ghala haraka kuliko mafuta yalivyofanya. Sharti la tatu ni kwamba umeme uwake kwanza katika nyumba za jangwani, ndipo nyaya zivuke bahari.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, naingia kwenye sehemu inayotuhusu moja kwa moja.

Mto pekee wa kudumu unaoivuka Sahara yote ni Nile, na tawi lake jeupe hutoka Ziwa Viktoria. Kwa mkataba wa 1959, Misri na Sudan zilihesabu mita za ujazo bilioni 84 zinazofika Aswan kwa mwaka, zikagawana, na zikaandika bilioni 10 kuwa ni za kupotea hewani. Nchi za upande wa juu wa mto hazikuitwa mezani. Miaka 40 baadaye, Februari 1999, Mpango wa Bonde la Nile ulianzishwa hapa hapa Dar es Salaam, na mkataba wa ushirikiano uliofunguliwa Entebbe mwaka 2010 ulianza kutumika Oktoba 2024, ingawa Misri na Sudan hazijaingia. Kwa hiyo sisi si watazamaji wa Sahara. Tumo katika hesabu zake za maji.

Tunayo pia maghala yetu. Mwaka 2013 Kenya ilitangaza kwa furaha hifadhi kubwa ya maji chini ya Turkana, na vipimo vya baadaye vikaonyesha kuwa maji ya bonde la Lotikipi, huko huko Turkana, yana chumvi nyingi. Dodoma inakunywa maji ya Bonde la Makutupora, na rekodi ya zaidi ya nusu karne imetufundisha kwamba bonde hilo hujazwa hasa katika miaka michache ya mvua kubwa, mara nyingi ya El Niño. Ujuzi huo umepatikana kwa sababu kuna watu walioshika kamba na daftari, wakapima kina cha visima mwezi baada ya mwezi, wakati hakuna aliyewapigia makofi.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila nchi yetu iweke hesabu mbili za mali asili, moja ya kinachorudi na nyingine ya kisichorudi, na bajeti isomwe bungeni ikiwa na hesabu zote mbili. La pili, fedha ya kisichorudi, iwe gesi, dhahabu au urani, ifungwe kwa sheria kwenye vitu vinavyobaki: shule, mitambo ya jua, mabomba ya maji na utafiti. La tatu, tufundishe wapima maji. Vyuo vyetu vitoe vijana wa kukaa wilayani wakiwa na vifaa, mshahara na heshima ya kial el-ma wa Touat, na takwimu zao ziwe wazi kwa mwananchi yeyote.

Wanafunzi mliopo hapa mtakuwa wasimamizi wa visima, migodi na mikataba hii ndani ya miaka 20 ijayo. Mkikabidhiwa daftari lisilo na takwimu, msilikubali. Anzeni kupima siku hiyo hiyo, na mdai kila anayechota aandike amechota kiasi gani.